Mzee wa mayai 25 kwa siku: kolesteroli yote ile ilikuwa inaenda wapi?

Mwezi wa 3 mwaka 1991 jarida la madaktari la Marekani, New England Journal of Medicine, lilitoa kesi ya mzee mmoja wa miaka 88 aliyekuwa anakula mayai 25 kwa siku, kila siku ya Mungu, na alishakaa hivyo kwa miaka mingi, si chini ya 15. Aliyeiandika ni Fred Kern, daktari wa tumbo, ini na nyongo pale chuo kikuu cha Colorado, mjini Denver. Mzee alikuwa anaishi kwenye makazi ya wazee, mke ameshatangulia, na lalamiko lake kubwa lilikuwa upweke tu. Urefu mita 1.87, uzito kati ya kilo 82 na 86, yaani mtu mrefu wa kawaida kabisa, wala huwezi kumwita mnene. Kumbukumbu ndo ilikuwa mbaya sana, ila mwili mwingine uko sawa, na nesi wa pale alithibitisha kwamba kweli kila siku anapelekewa kama dazani mbili za mayai ya kuchemsha, yale ya kiini laini, na yeye mwenyewe alikuwa anaandika idadi, yai moja baada ya jingine. Haikuwa mbwembwe. Ilikuwa ni hali ya akili inayomlazimisha, walijaribu kumsaidia kisaikolojia aache ikashindikana, na yeye mwenyewe alikuwa anaona kabisa kwamba ulaji huu unamharibia maisha ila hawezi kuuacha.

Sasa ukimpima damu? Kwa miaka yote ambayo kuna kumbukumbu, kolesteroli yake ya jumla ilikuwa inacheza kati ya 150 na 200 kwa mg/dl, ambayo kwa kipimo cha hospitali nyingi za kwetu ni kama 3.9 mpaka 5.2 mmol/L. Ya kawaida. Kuna watu hawagusi kabisa kiini cha yai na wangetamani karatasi ya majibu yenye namba hizo. Na hakuwa na dalili za ugonjwa mkubwa wa mishipa ya damu.

Hii stori huwa inazunguka sana kila watu wakianza kubishana kuhusu mayai, na karibu kila mara inatumika kusema "mnaona, mayai hayana shida, kuleni". Mi naona huko ni kuisoma vibaya, tena ni kuinyima utamu wake, kwa sababu Kern hakuandika kutetea yai. Kichwa cha ripoti yake kinasema wazi kwamba anatafuta njia ambazo mwili umejirekebisha. Swali lake lilikuwa la kihasibu kabisa: mzigo huu wote umeingia, kwenye damu haupo, sasa uko wapi? Na jibu linapita kwenye ini na nyongo, kiungo na maji ambayo wengi tunayakumbuka tu siku mtu macho yamekuwa ya njano.

Tuanze na kinachoingia. Yai moja lina kolesteroli kama miligramu 200, yote iko kwenye kiini, ute hauna kitu. Mara 25 unapata miligramu 5,000, yaani gramu 5 kwa siku. Kumbuka kwamba mwaka 1968 chama cha moyo cha Marekani kilikuwa kimewaambia watu wasizidishe miligramu 300 kwa siku, na viini visizidi vitatu kwa wiki (hicho kikomo cha 300 kimekuja kuondolewa kwenye mwongozo wa chakula wa Marekani uliotoka kwa ajili ya miaka ya 2015 mpaka 2020, ingawa bado wanasema punguza). Mzee kwa siku moja alikuwa anamaliza ya zaidi ya wiki mbili. Halafu juu ya hapo mwili wenyewe unatengeneza kolesteroli, kwa mtu mzima ni kati ya miligramu 800 na 1,000 hivi kila siku, sababu bila hiyo huwezi kujenga ukuta wa seli, huwezi kutengeneza homoni za uzazi, huwezi kutengeneza vitamini D. Na hapa kuna jambo ambalo ukilikosa kesi nzima inakupita: mwili wa binadamu hauwezi kuichoma kolesteroli ikawa nguvu. Sukari inachomwa, mafuta ya kawaida yanachomwa, lakini kolesteroli ile pete yake ya kaboni hatuna kimeng'enya cha kuivunja. Ikishaingia ndani, kiasi kidogo kitatoka na ngozi inayobanduka na kingine kitakuwa homoni, ila njia kubwa ya kutokea ni moja: ini liitie kwenye nyongo, nyongo iende utumboni, itoke na choo. Basi.

Kwa hiyo ini lina pande mbili za kusukumia mafuta. Upande mmoja ni damu, linafunga mafuta na kolesteroli kwenye vifurushi vinaitwa VLDL, vinazunguka mwilini, vikishashusha mzigo vinabaki kuwa LDL, ile ambayo kwenye karatasi ya maabara inaandikwa mbaya. Upande wa pili ni nyongo. Seli moja ya ini inatazama pande zote mbili kwa wakati mmoja, mgongo kwenye damu na uso kwenye kijifereji chembamba ajabu, upana wake ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita, na kwenye ukuta wa kile kijifereji ndo kuna kazi yenyewe.

Pale ukutani kuna pampu za protini, kila moja na mzigo wake. Ya kwanza, ABCB11, inasukuma chumvi za nyongo, ambazo zenyewe zimetengenezwa kutokana na kolesteroli. Hizi chumvi zina tabia ya sabuni, upande mmoja unapenda maji upande mwingine unapenda mafuta, ndo maana zinaweza kuyavunja mafuta ya chakula yakachanganyika na maji kama unavyoosha sufuria ya pilau. Shida ni kwamba sabuni haichagui, ukiiacha peke yake inakula hata ukuta wa mfereji unaoipitisha. Kwa hiyo pampu ya pili, ABCB4, inatoa fosfolipidi, aina nyingine ya mafuta, hasa ile ya lesithini, ambayo inajichanganya na chumvi na kuzipunguza ukali. Watoto waliozaliwa bila ABCB4 inayofanya kazi wanapata ugonjwa wa ini wa utotoni, mifereji inaungua na nyongo yao wenyewe, wengine wanaishia kuhitaji ini jingine. Pampu ya tatu ni ABCG5 na ABCG8, protini mbili zinazofanya kazi zikiwa pamoja, na hii ndo inayotoa kolesteroli yenyewe kama ilivyo. Kolesteroli haiyeyuki kwenye maji hata kidogo, kwa hiyo inaposukumwa nje lazima ikute chumvi na fosfolipidi zimeshafika zinaisubiri, wakiungana watatu hao wanakuwa vidonge vidogo sana visivyoonekana na macho, na ndo hivyo vinavyosafiri. Ukikausha nyongo ukapima yabisi yake, karibu theluthi mbili ni chumvi za nyongo, kama asilimia 22 fosfolipidi, na kolesteroli ni asilimia 4 hivi tu. Wabebaji ni wengi kuliko mbebwa, na inatakiwa iwe hivyo.

Nyongo inayotoka kwa siku ni karibu nusu lita mpaka lita nzima, na ndani yake kuna kolesteroli kama gramu 1. Ishike hiyo gramu 1 maana tutaihitaji. Inashuka kwenye utumbo mwembamba, inachanganyika na kolesteroli ya chakula, na kuanzia hapo utumbo hautofautishi ipi imetoka kwenye yai na ipi imetoka kwenye ini. Kinachofyonzwa kinarudi, kisichofyonzwa kinatoka. Chumvi za nyongo nazo zikifika mwisho wa utumbo mwembamba zinafyonzwa karibu zote, asilimia 95, zinarudi kwenye ini kwa mshipa wa damu unaotoka matumboni na zinatumika tena, mwili mzima una gramu 2 mpaka 4 tu za chumvi hizi lakini zinazungushwa mara 6 mpaka 10 kwa siku. Kile kidogo kinachopotea, karibu nusu gramu, ini linakifidia kwa kuchukua kolesteroli na kuigeuza kuwa asidi mpya za nyongo, ambazo ndo zinakuwa chumvi za nyongo. Kimeng'enya kinachoanzisha kazi hiyo kinaitwa CYP7A1.

Turudi Denver. Kern alimpima mzee akamlinganisha na watu wa kujitolea wenye afya, ambao nao walipimwa wakiwa kwenye chakula chenye kolesteroli ndogo na tena wakiwa kwenye chakula chenye kolesteroli nyingi. Wale watu walikuwa wanafyonza asilimia 54.6 ya kolesteroli wakila kidogo, na asilimia 46.4 wakila nyingi. Mzee alikuwa anafyonza asilimia 18. Na utengenezaji wake wa asidi za nyongo ulikuwa mara mbili ya wale watu walipokuwa kwenye chakula chenye kolesteroli ndogo.

Naomba tupige hesabu hapa, ni hesabu ya mkono kwa namba za wastani, haijatoka kwenye ripoti, lakini inaonyesha kitu ambacho ukisoma asilimia peke yake hukioni. Mtu wa kawaida anakula labda miligramu 300, nyongo inaongeza 1,000, jumla 1,300 utumboni, anafyonza nusu, zinaingia 650. Mzee anakula 5,000, nyongo inaongeza 1,000, jumla 6,000, anafyonza asilimia 18, zinaingia 1,080. Umeona? Amekula kolesteroli mara 16 na ushee ya mwenzake lakini kilichoingia ndani hakijafika hata mara mbili, tofauti ni miligramu 430. Sasa chukua utengenezaji wa asidi za nyongo, kwa kawaida ni miligramu 400 mpaka 500 kwa siku, ukiudouble unatumia nyongeza ya miligramu 400 mpaka 500 za kolesteroli. Zile 430 zimelipwa. Mizani inakaa karibu sawa kabisa, na hapo bado hatujahesabu kwamba mwili unaweza kupunguza na kile unachotengeneza wenyewe.

Na kuna kingine kwenye hesabu hiyohiyo ambacho mi ndo kinanigusa zaidi. Ile gramu 1 ya kolesteroli iliyotoka kwenye nyongo nayo inafyonzwa kwa asilimia 18 hiyohiyo. Kwa mtu wa kawaida nusu ya kile ambacho ini limetoa kinarudi ndani, ni kazi inayofanywa leo inarudiwa kesho, wakati kwa mzee miligramu 820 kati ya 1,000 zinaenda chooni moja kwa moja. Kwa hiyo utumbo mgumu kufyonza haukuwa unazuia mayai tu, ulikuwa unaifanya nyongo iwe njia ya kutokea kweli. Watu wanaosema "mwili wake haufyonzi mayai" wanasimulia nusu ya habari.

Wakati Kern anaandika haya, zile protini nilizozitaja nyingine zilikuwa hazijajulikana kabisa kazi yake. ABCG5 na ABCG8 ziligundulika mwaka 2000 kupitia ugonjwa wa kurithi ambao mtu anajaza mwilini sterol za mimea, yaani ndugu wa kolesteroli wanaopatikana kwenye mimea, kwa sababu pampu hizo zinakosekana. Mimi na wewe tunakula sterol za mimea kila siku kwenye maharage na karanga na mafuta ya alizeti na hazibaki mwilini, sababu pampu hizo ziko pia kwenye ukuta wa utumbo na zinazirudisha nje zilikotoka, na ini nalo linatupa zinazopenya. NPC1L1, protini inayoivuta kolesteroli kutoka utumboni kuingia ndani, ilitambuliwa mwaka 2004. Cha kushangaza ni kwamba dawa ya kuizuia, ezetimibu, ilikuwa imeshaanza kuuzwa tangu 2002 kabla hawajajua inashika wapi. Mgonjwa anayemeza ezetimibu leo anafanyiwa kwa kidonge kitu kinachofanana na kile ambacho utumbo wa yule mzee ulikuwa unafanya wenyewe. Kwa nini yeye alikuwa hivyo, ripoti haikuonyesha jeni yoyote, na isingeweza kwa mwaka ule.

Upande wa ini lenyewe, kuna kipimo ndani ya seli. Kolesteroli ikiwa nyingi ndani ya seli ya ini, seli inapunguza kutengeneza, na pia inapunguza vipokezi vya LDL, ile mikono inayotoka nje kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Kolesteroli ikipungua ndani, mikono inaongezeka. Michael Brown na Joseph Goldstein walipewa Nobel mwaka 1985 kwa kuonyesha habari ya hivi vipokezi, na statini, zile dawa za kushusha kolesteroli, zinafanya kazi kwa mlango huohuo, zinabana utengenezaji ili ini lijione lina njaa lizidishe vipokezi. Kwa mzee, kwa sababu ini lilikuwa linaigeuza kolesteroli kuwa asidi za nyongo kwa kasi, halikuwahi kushiba mpaka likaacha kuvuta LDL. Ndo maana namba ya damu imekaa chini. Namba ya damu inaonyesha kile kilichobaki barabarani kwa wakati huo, haikuonyeshi kilichoingia wala kilichotoka, na mzee huyu na mtu anayekula yai moja kwa wiki wangeweza kupewa karatasi zinazofanana.

Kama kuna mtu ana shaka ini ndo linashika usukani, aangalie kesi iliyo kinyume na hii. Mtoto wa Marekani, Stormie Jones, alizaliwa na ugonjwa wa kurithi ambao vipokezi vya LDL havifanyi kazi, kolesteroli yake ilikuwa imepita 1,000 mg/dl na moyo ukaharibika akiwa na miaka 6 tu. Februari 1984 kule Pittsburgh timu ya Thomas Starzl ilimwekea moyo mpya na ini jipya kwa mpigo, haikuwahi kufanyika kabla. Moyo ulikuwa wa kuokoa maisha, lakini ini ndo lililoletwa kwa ajili ya kolesteroli, na kweli likaivuta ikashuka mpaka kwenye mamia machache. Mwili mwingine wote ulikuwa uleule, jeni zilezile, kilichobadilika ni kiungo chenye vipokezi na nyongo. Alifariki 1990 akiwa na miaka 13.

Sasa nirudi kwa wale wanaoichukua kesi ya Denver kama ruhusa. Kwanza huyu ni mtu mmoja, tena amekutwa akiwa na miaka 88. Kama kuna waliokula hivyo na miili ikakataa, huenda hawakufika umri huo ili waandikwe. Pili, mayai 25 yana karibu kalori 1,750, maana yake mayai yalikuwa yamechukua nafasi ya karibu chakula chake chote, kilo zake hazikupanda. Hiyo haifanani kabisa na mtu anayeongeza mayai juu ya chipsi, sausage na soda. Na mafuta magumu, yale ya samli, ya nyama nono, ya nazi, yanapunguza uwezo wa ini kuvuta LDL kuliko kolesteroli ya chakula inavyofanya kwa watu wengi, kwa hiyo ugomvi wa yai mara nyingi unaacha mkosaji mkubwa zaidi amekaa pembeni ya sahani.

Tatu, na hili ndo halisemwi kabisa, kutoa kolesteroli kwa njia ya nyongo kuna hatari yake. Nimesema wabebaji lazima wawe wengi kuliko mbebwa. Ini likisukuma kolesteroli nyingi wakati chumvi na fosfolipidi hazijaongezeka, nyongo inajaa kupita uwezo wake, kolesteroli inaanza kuganda fuwele, na kifuko cha nyongo kisipojikamua vizuri fuwele zinakaa humo zinakua mawe. Ndo sababu mawe yanawapata zaidi wanawake, sababu estrojeni inalifanya ini lisukume kolesteroli zaidi kwenye nyongo, na ujauzito juu yake unakilegeza kifuko. Ndo sababu pia mtu anayepungua kilo kwa kasi sana, ile ya kufunga kula ili harusi ifike yuko mwembamba, anaweza kujikuta na maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, kwa sababu kolesteroli iliyokuwa imelala kwenye mafuta ya mwili inatoka kwa pamoja kuelekea kwenye nyongo na kifuko hakijikamui kwa sababu hakuna chakula chenye mafuta kinachokiita.

Kern mwenyewe aliendelea na swali hili. Mwaka 1994 alitoa utafiti mwingine, safari hii kwa wanawake, wengine wana mawe ya kolesteroli yasiyouma na wengine hawana, wakapewa mayai matano kwa siku juu ya chakula chao kwa wiki mbili na siku kadhaa. Kwa wale wenye mawe, kolesteroli kwenye nyongo iliongezeka na utengenezaji wa asidi za nyongo ukapungua. Yaani ini lao lilipopewa mzigo lilichagua kuutoa kama ulivyo, kolesteroli mbichi kwenye nyongo, badala ya kuugeuza kwanza kuwa asidi za nyongo kama la mzee wa Denver. Kwenye damu huwezi kuziona njia hizi mbili zikiachana. Kwa hiyo mama ambaye altrasaundi imeshamwonyesha mawe kwenye kifuko, hata kama kipimo chake cha kolesteroli kimetoka kizuri, asiichukue kesi ya yule mzee kuwa inamhusu, amuulize daktari wake habari ya mafuta na ya mayai akiwa na picha ya altrasaundi mkononi, karatasi ya damu peke yake haitoshi kumjibu.